Bunduki ya babu na mwili wa babu

Kwenye mashamba ya Muheza, Handeni na Pangani, mkoani Tanga, bunduki ya nyumbani mara nyingi ni ya mzee. Aliiombea leseni akiwa na nguvu zake, enzi nguruwe wanamaliza mahindi usiku na nyani wanakuja mchana kweupe, na tangu hapo imelala chumbani kwake. Bunduki ya marisau ikifutwa mafuta haina haraka ya kuchakaa. Anayechakaa ni mwenyewe: jicho linaingia ukungu, kidole gumba kinakakamaa, presha inapanda, sukari inashuka bila kubisha hodi.

Familia zetu hujadili shamba, nyumba, hata mbuzi. Bunduki haitajwi mpaka babu ameanguka, na wakati huo watu wanne wanaikodolea macho pale kitandani, hakuna anayejua kama ina risasi. Jambo hili lipangwe babu akiwa bado na akili timamu, yeye mwenyewe akisema afanyiwe nini na nani.

Tuanze na macho, maana ndiyo hutangulia. Mtoto wa jicho hazimi taa ghafla. Anaanza kwa kutawanya mwanga: taa ya bodaboda inaota miale, na tochi ikipiga umande inageuka pazia jeupe. Saa moja jioni, mtu aliyeinama kung'oa muhogo na nguruwe anayeufukua ni kivuli kimoja. Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Bunduki ikiwa imefungiwa, mtu wa familia asimame hatua ishirini mbali wakati wa magharibi bila kusema neno, babu amulike tochi aseme ni nani. Akikosea, au akingoja kusikia sauti kwanza, bunduki isitoke tena baada ya jua kuzama. Hapo bado kuna matumaini, kwa sababu mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi, na mtu akarudi kuona. Presha ya macho ni habari nyingine. Hiyo hula pembeni kwanza, polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Mzee anamwona nguruwe wa mbele yake vizuri kabisa na hamwoni mjukuu aliyesimama kushoto.

Macho hayohayo huchanganya risasi. Mtutu wa namba 12 una kipenyo cha milimita 18.5 hivi, wa namba 20 una 15.6. Risasi ya 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa 12 inateleza, inapita chemba, pale risasi inapokaa, inakwama mbele kidogo. Mzee anafyatua, kimya. Anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kupakia, anaweka ya 12 nyuma yake. Akifyatua tena mtutu unapasuka, palepale mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo sababu ganda la namba 20 kwa desturi hutengenezwa la njano. Rangi inasaidia, lakini kwenye mwanga wa kibatari njano na nyekundu hazipishani sana. Nyumba yenye bunduki ya 12 isiwe na risasi ya 20 hata moja, hata ya kumtunzia jirani.

Risasi zenyewe nazo huzeeka, hasa huku pwani. Kitako cha shaba kikishaota kijani, au ganda likishavimba kiasi cha kukataa kuingia chemba, hiyo ni ya kurudisha polisi. Ikipakiwa na isilie, mdomo wa bunduki ubaki umeelekezwa mahali salama kwa sekunde 30 nzima kabla ya kufungua, kwa sababu baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa kushika moto. Ikitoa mlio hafifu, kama mtu aliyekohoa, usipakie nyingine. Huenda kuna kitu kimebaki ndani ya mtutu.

Kuhusu masikio sina maneno mengi. Aliyepiga bunduki miaka mingi bila kuziba masikio amekwisha kupoteza sauti nyembamba, zile za wanawake na watoto. Mjukuu anarudi usiku, anaita "Babu, ni mimi!" mara tatu, na babu anasikia hatua tu. Mzee wa namna hiyo hafai kulala na bunduki yenye risasi, hata kama macho yake ni ya kipanga.

Mikono ipimwe kwa kazi za kila siku: kufunga vifungo vya shati, kufungua soda, kumimina chai bila kujaza kisahani. Bunduki za zamani zenye nyundo za nje ndizo mbaya zaidi kwa vidole vyenye baridi yabisi. Mzee ameshakoki, nguruwe amekimbia, sasa inabidi aishushe nyundo taratibu kwa kidole gumba huku akibonyeza triga. Kidole kina jasho, kiungo kimekakamaa, nyundo inaponyoka. Njia salama ni kuvunja bunduki kwanza, yaani kuikunja ifunguke nyuma ya mitutu, kutoa risasi, halafu ndipo kushusha nyundo juu ya chemba tupu. Kwenye aina ambazo hazifunguki nyundo zikiwa zimekokiwa, mzee mwenye vidole hivyo aache kabisa kuitumia. Na wasioijua bunduki huamini sefti, kile kizuizi cha usalama, kupita kiasi. Kwenye nyingi za mitutu miwili sefti inazuia triga tu, haizuii nyundo ya ndani. Bunduki kuukuu ikianguka sakafuni inaweza kulia na sefti ikiwa imefungwa.

Sasa tuingie ndani ya usiku wenyewe. Mbwa wanabweka saa nane. Mzee anatumia dawa ya presha, labda na ile ya kukojoza, anaruka kitandani na kuchukua bunduki kwa pupa. Damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa, anapepesuka na kuanguka na mtutu mkononi. Hili halina uhusiano na ujasiri, ni dawa na umri. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja, miguu chini, avute pumzi, ndipo asimame akiwa ameshika kitu kisicho bunduki. Taa iwashwe kwanza, na tochi iwe palepale, kwa sababu umeme nao huchagua saa zake. Halafu aite kwa jina kila anayelala nyumba ile na kusikia akijibiwa kabla hajagusa kufuli la sefu. Mbwa hubweka fisi, mlevi na mjukuu kwa sauti moja.

Sukari ina hila kuliko presha. Mzee anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akila mapema na kupanda dunguni kuamia shamba, sukari yake inaweza kuporomoka alfajiri. Dalili ni jasho la baridi, kutetemeka, hasira zisizo na sababu, maneno yanayopotea. Ukimkuta hivyo utadhani amekunywa tembo la mnazi. Anayo bunduki na kichwa hakipo. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 mmol/L, apewe sukari gramu 15, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na bado ikiwa chini arudiwe. Sukari ikipanda, ale kitu cha kushikilia tumbo. Kama hakuna kipimo na dalili zipo, mpe sukari bila kungoja. Kama hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Lakini kabla ya sukari, mtu wa pili asogeze bunduki mbali na mkono wake. Mwezi wa Ramadhani hatari huhamia jioni, saa moja au mbili kabla ya futari. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na ulinzi wa saa zile akabidhiwe mwingine.

Na dungu lenyewe. Ngazi ya miti, vidato vya kufunga kwa kamba, mzee wa miaka 70, bunduki ya kilo tatu na kitu begani. Wengi hupanda wakiwa wameshapakia, eti nguruwe asiwasubiri. Utaratibu ni huu: chini kabisa, vunja bunduki, toa risasi, tia mfukoni. Funga kamba ya katani kwenye kitako na nyingine shingoni mwa mtutu, mdomo ukitazama chini na mbali na ngazi. Panda kwa mikono miwili. Ukishakaa, vuta bunduki kwa kamba, chungulia mtutu kama haukuingia udongo au nyigu, maana hata tonge la tope linatosha kupasua mtutu, kisha pakia. Kushuka ni kinyume chake hatua kwa hatua, na kushuka ndiko watu wanakoanguka, kwa sababu miguu imekufa ganzi. Asiyeweza kupanda kwa mikono miwili bila kupumzika katikati amepitwa na dungu, amwachie kijana awapigie nguruwe debe.

Kichwa ndicho kigumu kukizungumza. Kusahau jina la jirani si kitu. Kinachohusu bunduki ni mambo mengine: kuacha ufunguo wa sefu mlangoni, kuuliza mara tatu kama ameshatoa risasi, kupotea njia ya shamba alilolima maisha yake yote. Mbaya zaidi ni shutuma. Mzee anaficha kitu darini, anasahau, anasema ameibiwa, na mwizi ni mkwe au msichana wa kazi. Wagonjwa wengi wa usahaulifu huanza hivyo, na wengi huchafuka jua linapozama, wakamwona mwanao wa kuzaa kuwa mgeni aliyevamia. Unganisha hayo mawili na bunduki uone picha. Dalili hizi zikianza, bunduki itoke nyumbani, isihamishiwe chumba kingine. Anayejua nyumba yake kwa miaka hamsini hupata ufunguo uliofichwa. Na ikiwa ameificha mwenyewe na haionekani, taarifa itolewe polisi siku ileile, bila kuona haya.

Kuna jambo moja watu hulipitia kwa mbali. Mzee amefiwa na mkewe, au ameambiwa ugonjwa wake hauponi, halali, hali, anagawa vitu vyake, anasema "nimekuwa mzigo kwenu." Marekani, nchi yenye bunduki nyingi majumbani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni watu kujiua, na wanaume wazee ni miongoni mwa walio hatarini zaidi. Mawazo ya namna hiyo mara nyingi huja kwa wimbi na kupita, na mtu aliyevuka wimbi bila silaha karibu huwa na nafasi ya kutibiwa. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali, na silaha iwe imetoka nyumbani kabla ya jioni. Anaweza kurudishiwa akipona, na aambiwe hivyo.

Kutoa risasi ajue angalau mtu mzima mmoja zaidi, afundishwe na babu mwenyewe wakati wa amani, babu akiwepo. Bunduki ya kuvunja: mdomo mahali salama, kidole nje ya triga, sukuma kitasa kulia, vunja, toa zote, tazama mwanga kupitia mitutu yote miwili. Bastola ina mtego unaoua watu wenye haraka. Magazini hutoka kwanza, ndipo unavuta sehemu ya juu kutoa risasi ya chemba. Anayevuta kwanza halafu akatoa magazini anakuwa ameingiza risasi mpya chemba huku akiamini ni tupu. Gobore halina cha kuvunja. Ondoa fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, kwanza, kisha, ukikaa pembeni ya mdomo wake, teremsha taratibu fimbo ya kushindilia, itie alama pale mdomoni, itoe, uilaze nje ya mtutu. Isipofika karibu na tundu la fataki, ndani kuna kitu, na kinaweza kuwa kimekaa humo tangu masika ya mwaka juzi. Hilo aitwe fundi wa polisi. Asiyejua lolote kati ya haya asiguse. Afunge mlango wa chumba, atoe watoto, apige simu 112.

Utunzaji nao una ya pwani yake. Ule mfuko wa ngozi anaoupenda babu hunyonya unyevu wa chumvi na kula chuma, bunduki isilale ndani yake. Sefu la chuma lifungwe ukutani kwa bolti, si kuegemezwa, na risasi ziwe na kisanduku chao chenye kufuli lake. Sijawahi kuelewa mantiki ya kuficha ufunguo juu ya fremu ya mlango, mahali pa kwanza kila mtoto anapopapasa. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa babu, wajukuu wote wanaujua.

Babu akipata kiharusi, mdomo umeenda upande, mkono hauinuki, maneno yamevurugika, tazama saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa, kwa hiyo daktari atauliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Asipewe maji, wala kidonge cha presha cha kushtukiza. Kama ana bastola kiunoni, itolewe na yule anayejua, ifungiwe, kabla gari halijaondoka. Ukifika hospitali ya Bombo au kituo chochote na silaha nguoni mwa mgonjwa, utapoteza dakika ambazo ubongo wake hauna. Nyumba ikishika moto, hasa ya makuti, waambie zimamoto wa 114 mapema kwamba kuna risasi na ziko chumba gani. Risasi zilizo kwenye kisanduku hupasuka bila nguvu kubwa, lakini iliyo chemba hupata mtutu wa kuielekeza na hutoka kama imefyatuliwa. Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kutolaza bunduki na risasi ndani.

Bahasha moja, ndani ya sefu au kwa mtu anayeaminika, na nakala yake: leseni na tarehe yake ya kwisha, aina ya bunduki na namba yake, idadi ya risasi, orodha ya dawa za babu kwa majina na vipimo, kadi ya bima, namba ya kituo cha polisi cha karibu. Chini yake maneno ya babu mwenyewe na sahihi: nikishindwa kumtambua mtu kwenye tochi, au daktari akisema, ichukuliwe, na fulani ndiye atakayeniambia.

Huyo fulani achaguliwe kwa makini. Mtoto wa kumzaa akisema "Baba, lete bunduki" inasikika kama anamvua kanzu hadharani. Kwetu huku kuna mtani, na mtani ana ruhusa ambayo mtoto hana. Atakaa barazani, apokee kahawa, aseme: "Wewe mzee, kahawa nusu umeinywesha kanzu, nguruwe utampiga wapi?" Watu watacheka, babu atacheka, na jambo litakuwa limesemwa. Mjomba au rafiki wa rika lake afuatie kesho yake kwa utulivu na hiyo bahasha mkononi.

Kuikabidhi kuna utaratibu wake. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, leseni ni ya mtu, haiendi na nyumba. Kijana asiye na leseni akiibeba bunduki ya babu kwenye bodaboda kuipeleka kituoni, njiani yeye ndiye mwenye silaha bila kibali. Piga simu kituoni kwanza, eleza, waje waichukue au wakuelekeze, na karatasi ya makabidhiano itunzwe. Babu akifariki ni hivyohivyo. Msimamizi wa mirathi anaweza kugawa minazi, bunduki haigawiwi msibani. Inaripotiwa polisi, na mrithi anayeitaka anaomba leseni yake mwenyewe kuanzia mwanzo.

Nguruwe, kwa bahati mbaya, hawapati taarifa kwamba babu amestaafu. Afisa wanyamapori wa halmashauri aarifiwe wakizidi, hasa kwa walio jirani na Hifadhi ya Saadani, ambako tembo nao hutoka. Kwa tembo kamba iliyopakwa pilipili ya kusaga na oili chafu, ikizungushwa kimo cha kifua na kupakwa upya mvua ikinyesha, husaidia. Kwa nguruwe, fyeka ukanda mpana kati ya kichaka na shamba, kwa sababu hawapendi kuvuka mahali peupe, na waya wa uzio ufukiwe chini, maana wao hupita kwa kuchimba. Makopo ya kugonganishwa yahamishwe kila baada ya siku mbili tatu, yakikaa mahali pamoja watayazoea na kula mahindi wakiyasikiliza.